Krt14 imefikaje kwenye papila? Kulinganisha jeni za seli za kinyweleo

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Shangani, Mtwara, nasoma shahada ya uzamili ya baiolojia. Nimepakua jedwali la hesabu za RNA za kinyweleo cha panya, yaani kile kifuko cha ngozi kinachootesha unywele. Lina aina tano za seli: papila (kundi dogo chini kabisa ya kinyweleo), matriksi (seli zinazoifunika na kujenga unywele), ala ya nje ya mzizi (kifuniko cha nje), melanositi (seli za rangi) na faibroblasti za ngozi (seli za ngozi ya ndani), kila aina sampuli mbili. Nimegawanya papila kwa matriksi nikapata orodha ndefu ya jeni. Kinachonisumbua ni Krt14, jeni ya keratini: kwa kila milioni ya vipande vilivyosomwa, papila ina 310 na ala ya nje ina 9,400. Mwenzangu anasema basi papila nayo inatengeneza keratini. Ni kweli? Na je, naweza kurudia kazi hii kwa nywele za watu wa huku, nikachukua mabaki kwa vinyozi? Kompyuta yangu ina RAM ya GB 8 tu.

Jibu: Marahaba. Nianze na hoja ya mwenzako. Karibu kwa hakika hiyo keratini si ya papila. Gawa 310 kwa 9,400, unapata 0.033, yaani asilimia 3.3. Iandike namba hiyo pembeni kwa kalamu nyekundu, maana itakurudia kila utakapogusa jedwali hilo.

Fanya hivi. Chukua jeni nyingine zilizo mali ya ala ya nje na ambazo seli ya papila haina shughuli nazo: Krt5, Krt17, Trp63, Cdh1. Kwa kila moja, gawa kiasi cha papila kwa kiasi cha ala ya nje. Ukipata 0.028, 0.035, 0.031, 0.036, mambo yameisha: takriban asilimia 3 ya RNA iliyomo kwenye kichupa cha papila imetoka kwa jirani. Uchafu hauchagui jeni. Unazibeba zote kwa kipimo kimoja. Lakini ukikuta Krt14 peke yake iko 0.033 na wenzake wote wako chini ya 0.001, hapo tulia ufikiri, kwa sababu uchafu hauwezi kuleta jeni moja ukaziacha nyingine nyumbani. Angalizo dogo: tumia jeni zenye angalau mamia kadhaa upande wa ala. Jeni yenye 12 huku na 1 kule inakupa uwiano wa 0.083 usio na maana yoyote.

Ukimaliza hapo rudia kwa jirani wengine, maana si lazima mvujo utoke ala ya nje peke yake. Kwa matriksi tumia Shh, Krt35 na Krt85. Kwa melanositi tumia Tyr, Dct na Pmel. Kisha geuza: tafuta Pdgfra na Col1a1, ambazo ni za faibroblasti, ndani ya sampuli za ala na matriksi. Utapata jedwali dogo la tano kwa tano linaloonyesha nani kamvujia nani na kwa kiasi gani. Usishangae ukikuta matriksi imejaa Pmel. Melanositi zinakaa katikati ya seli za matriksi, juu ya papila, zikizigawia rangi, na kuzitenganisha bila kuburuta baadhi ni kazi ngumu.

Sasa ona jinsi asilimia 3.3 inavyoharibu hesabu zako. 9,400 kwa 310 ni mara 30, na kwa logi ya msingi 2 ni 4.9. Hilo limegeuka dari. Jeni yoyote ya ala ya nje ambayo kwa kweli papila haina hata nakala moja, haitaonyesha tofauti ya mara elfu. Itagota kwenye mara 30. Chora nukta za tofauti zote, papila dhidi ya ala ya nje. Ukiona msongamano wa nukta umejipanga kwenye 4.9 kama watu waliogota ukutani, hiyo si baiolojia, ni kiwango cha uchafu kinajionyesha chenyewe.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Jeni ya matriksi yenye 5,000 ikivuja kwa asilimia 3 inaacha 150 kwenye papila. Mtu aliyejiwekea kwamba jeni "imewaka" ikizidi 1 au 10 kwa milioni ataandika kwa kujiamini kwamba papila inaitumia. Orodha nyingi za jeni za papila zina wageni wa namna hii. Kwa hiyo kabla ya kusema jeni fulani imewaka kwenye papila, uliza kwanza jirani mwenye kiasi kikubwa zaidi ana ngapi, zidisha kwa kiwango chake cha mvujo, halafu tazama kama papila inazidi hapo kwa mbali. Usitoe tu hiyo asilimia kwenye hesabu ghafi kisha ukaendelea na takwimu. Programu za kupima tofauti za jeni, kama DESeq2 na edgeR, zinataka hesabu kamili jinsi zilivyosomwa, kwa kuwa zinakadiria mtawanyiko kutokana nazo. Kutoa uchafu kunafaa kwa kuchora na kutafakari. Kwa kupima, chuja orodha baada ya jibu kutoka.

Utauliza asilimia 3 imeingiaje wakati seli zilipangwa na mashine, moja moja. Papila ni wachache. Tuseme ngozi iliyosagwa imetoa seli 100,000, kati yake 1,000 ni za papila na 60,000 ni za ala na matriksi. Mashine ikikosea seli moja tu katika kila 2,000 za upande wa pili, seli 30 zinaingia kichupa cha papila. Thelathini kwa 1,030 ni asilimia 2.9. Hakuna uzembe hapo. Uchache wa unachokitafuta ndio unaokuza kosa dogo. Halafu kumbuka kwamba ulichopima ni asilimia ya RNA, si ya seli. Seli ya matriksi inayojigawa kwa kasi hubeba RNA nyingi kuliko seli ya papila iliyotulia, kwa hiyo seli 15 wavamizi zinaweza kuacha alama ya seli 30. Makosa yenyewe ni ya aina tatu: seli mbili zilizogandana zikahesabiwa moja, seli zilizokufa zinazomwaga RNA ambayo hushika kwenye zilizo hai, na mipaka ya rangi ambazo mashine hutambulia seli iliyowekwa kwa upana mno ili kupata seli za kutosha.

Sasa turudi kwenye mlinganisho wenyewe, maana hapa ndipo orodha yako inapokosea kuliko kwenye Krt14.

Umeilinganisha papila na matriksi. Papila ni seli za ngozi ya ndani, ukoo mmoja na faibroblasti. Matriksi ni za tabaka la nje, ukoo wa keratinositi, yaani seli zinazotengeneza keratini. Ukizigawanya hizo mbili, juu ya orodha zitakaa Col1a1, Col3a1, Vim na jamaa zao, na chini zitakaa keratini. Hilo lilijulikana kabla hujawasha kompyuta. Ukitaka kujua papila ina nini cha pekee, mlinganishe na ndugu yake, yaani faibroblasti za ngozi, kisha ndipo umlinganishe na majirani. Jeni ya papila kwelikweli ni ile inayoshinda dhidi ya zote nne, si dhidi ya moja. Fanya milinganisho minne, na kwa kila jeni chukua ile ndogo kuliko zote kati ya tofauti nne. Panga orodha kwa hiyo ndogo. Utaona orodha inapukutika kutoka maelfu hadi mamia, na waliobaki ndio wenye neno. Vcan, Corin na Alpl zikikosekana huko juu, shuku sampuli kabla hujashuku vitabu.

Matriksi nayo ina mtego wake. Ni seli zinazojigawa usiku na mchana, basi ukiilinganisha na chochote kilichotulia utapata Mki67, Top2a na jeni nyingine za mgawanyiko. Hizo zinaeleza kasi, hazielezi utambulisho. Tumbo la mnyama nalo lina seli zinazojigawa, na zitakuletea majina hayohayo. Ziweke kando, utazame kinachobaki: Shh, Msx2, Hoxc13, Lef1.

Mpangilio wenyewe wa kinyweleo uwe kichwani unaposoma namba. Chini kabisa ni papila, na matriksi imeifunika kama kofia. Matriksi inapanda juu ikigeuka kuwa vitu viwili: unywele wenyewe katikati, na ala ya ndani inayouzunguka, yenye tabaka za Henle, Huxley na gamba lake. Ala ya ndani inajulikana kwa Gata3, Tchh, Krt71, Krt25, Krt27 na Krt28. Unywele huanza na Krt35 na Krt85, kisha keratini nyingine ngumu hufuata kadiri seli zinavyopanda na kukakamaa. Kati ya ala ya ndani na ya nje kuna safu moja nyembamba yenye Krt75. Nje kabisa ni ala ya nje, iliyoungana na ngozi ya juu, na kwenye sehemu unaposhika msuli mdogo wa kusimamisha nywele kuna kinundu, makao ya seli shina. Ushahidi kwamba seli za hapo hazijigawi ovyo ulitolewa na Cotsarelis, Sun na Lavker mwaka 1990, kabla ya hapo wengi wakidhani seli shina zinakaa chini kwenye tunguu la unywele.

Kwa panya, kinundu hutambulika kwa Cd34, Krt15, Lhx2, Sox9 na Lgr5. Angalia hapa vizuri utakapohamia kwa binadamu: CD34 ya mtu haipo kwenye kinundu. Iko chini yake, kwenye ala ya nje. Aliyezoea panya akachuja seli za binadamu kwa CD34 amechuja seli nyingine kabisa, na jedwali lake litakuwa safi, zuri, na la kitu kingine. Kwa binadamu hutumika CD200 pamoja na KRT15.

Kuna pia mtego wa wastani unaoficha, na mfano wake ni jeni ya Sox2. Mgongoni mwa panya kuna aina kadhaa za nywele, na zilizo nyingi kuliko zote ni zile fupi za mkunjo wa zigzagi. Papila za nywele hizo hazina Sox2 katika ngozi iliyokomaa. Ziko nayo za aina nyingine. Ukichanganya papila zote kwenye kichupa kimoja, Sox2 inatoka ya wastani, na wastani huo haupo katika seli yoyote. Ni kama kipimo cha korosho ghalani: ukiambiwa gunia la kilo 80 linatoa pauni 48 za kiini, hujaambiwa kama korosho zote ni za kati au nusu ni nzuri na nusu zimeoza.

Gunia hilohilo linaeleza jambo la tatu ambalo wengi hulipita. Mashine ya kusoma inakupa, tuseme, vipande milioni 20 kwa sampuli, iwe seli zilikuwa na RNA nyingi au kidogo. Gunia likishajaa limejaa. Ukiweka mawe nusu, korosho zimepungua ingawa mkorosho ulizaa vilevile. Seli zinazojenga unywele zikianza kumwaga keratini, keratini hizo chache zinaweza kula sehemu kubwa ya vipande vyote, na maelfu ya jeni nyingine zitaonekana "zimeshuka" bila kushuka. Ndiyo maana kugawa kwa jumla, iwe kwa milioni au kwa TPM (kwa milioni, urefu wa jeni ukizingatiwa), hakutoshi unapolinganisha aina za seli zilizo mbali hivi. Njia ya DESeq2 ya kutafuta thamani ya katikati ya uwiano wa jeni zote, na ile ya edgeR ya kukata ncha, zinasaidia kwa sababu hazibebwi na jeni chache kubwa. Nazo pia zinadhani jeni nyingi hazibadiliki. Jaribio rahisi: ondoa keratini zote na jeni za protini ziambatanazo na keratini, rudia hesabu, uone kama orodha ya jeni nyingine inabaki. Ikiyumba sana, mawe yalikuwa gunini.

Soma maelezo yanayoambatana na jedwali uone panya walikuwa na umri gani. Rendl, Lewis na Fuchs, waliotenganisha aina tano kama zako mwaka 2005, walitumia ngozi ya mgongo ya panya wa siku 4. Siku hiyo kinyweleo bado kinajijenga, matriksi ipo na inafanya kazi. Karibu siku ya 17 hadi 19 kinasinyaa, karibu siku ya 21 kimepumzika, kisha kinaanza kukua tena. Mapumziko ya pili, marefu zaidi, huwa takriban wiki ya 7 hadi ya 10, ikitegemea ukoo wa panya na kama ni dume au jike. Wakati wa mapumziko matriksi haipo. Ukichanganya papila ya siku 4 na ala ya nje ya wiki ya 8 kutoka hazina mbili tofauti za data, umelinganisha msimu wa mvua na kiangazi ukaita tofauti ya shamba.

Tazama pia kama papila ilikuwa mbichi au ya kuoteshwa kwenye sahani. Seli za papila zikioteshwa bapa kwenye plastiki hupoteza sehemu kubwa ya tabia yake. Kazi ya Higgins na wenzake ya mwaka 2013 ilionyesha kwamba kuzikusanya ziwe vidonge vya mviringo kunarudisha sehemu tu ya jeni zilizopotea, kama asilimia 22, ingawa hiyo ilitosha kuamsha vinyweleo vipya.

Na tazama vimeng'enya. Papila na faibroblasti hutolewa kwa kolajenasi, mara nyingi kwa muda mrefu na kwenye joto la nyuzi 37. Seli za tabaka la nje hutolewa kwa tripsini. Seli iliyokaa saa nzima kwenye kimeng'enya ikiwa na joto inawasha Fos, Jun, Egr1 na jeni za protini za joto kama Hspa1a. Zikikaa juu kwenye orodha yako, usiziandikie sura nzima ya tasnifu. Hizo ni kelele za seli inayochunwa.

Takwimu nitazipita haraka. Sampuli mbili kwa kila aina ni chache; programu itakubali, lakini makadirio ya mtawanyiko yatakuwa ya kuazima kutoka jeni nyingine. Tatu ndicho kiwango cha chini kilichozoeleka. Bakiza jeni zenye hesabu 10 au zaidi katika angalau sampuli mbili. Weka kundi la siku ya maandalizi kwenye fomula pamoja na aina ya seli. Lakini kama papila zote ziliandaliwa Jumatatu na matriksi zote Alhamisi, hakuna fomula itakayotenganisha siku na seli. Ukipima jeni 20,000 kwa p ya 0.05 bila marekebisho, 1,000 zitapita kwa bahati tu, kwa hiyo tumia marekebisho ya Benjamini na Hochberg, yanayodhibiti majibu ya bahati kama hayo. Na usipime kama tofauti ni zaidi ya sifuri, pima kama inazidi mara mbili. DESeq2 ina kipengele cha lfcThreshold, kiweke 1. Kuchuja kwa mara mbili baada ya kupima dhidi ya sifuri si kitu kilekile.

Kompyuta yako inatosha. Jedwali la jeni 20,000 kwa sampuli 10 ni dogo kuliko picha za harusi ulizo nazo humo. Kitakachoishinda ni kulinganisha vipande ghafi na jenomu kwa programu ya STAR, ambayo kwa jenomu ya panya au mtu hutaka RAM ya karibu GB 30. Ukilazimika kuanzia huko tumia Salmon au kallisto. Vinginevyo pakua jedwali la hesabu tu kutoka GEO, hazina ya wazi ya data za jeni, siyo faili ghafi za makumi ya GB zitakazokatika umeme ukizima. Kila hatua ikikamilika katika programu ya R, hifadhi kitu chake kwenye faili.

Ukitamani data za seli moja moja, kanuni ya uchafu ni ileile, imebadilika sura tu. Seli zilizopasuka zinamwaga RNA kwenye kimiminika, na kila tone linabeba mchuzi huo. Keratini itaonekana hata kwenye seli za mishipa ya damu. Programu za SoupX na CellBender zinakadiria mchuzi kutokana na matone yasiyo na seli. Mapacha, yaani seli mbili kwenye tone moja, kwenye mashine zilizozoeleka za kampuni ya 10x hufika takriban asilimia 8 ukilenga seli 10,000, na pacha wa papila na matriksi hujifanya "aina mpya ya seli" kwa ustadi mkubwa. Seli zilizokwisha kukakamaa za unywele na ala ya ndani hazivumilii safari hiyo, kwa hiyo uchache wake kwenye picha hausemi ni chache kichwani. Na seli 5,000 kutoka panya watatu ni sampuli tatu, siyo 5,000. Jumlisha hesabu za kila aina ndani ya kila mnyama, kisha pima kama kawaida.

Kuhusu vinyozi: hapana. Unywele uliokatwa ni keratini iliyokufa, kiini cha seli kimeshayeyuka zamani. Unaweza kubaki karne nzima, kama nywele za watu zilizobandikwa kwenye vinyago vya mapiko vya Wamakonde, lakini RNA ya kusoma jeni zilizowaka haimo. Unachohitaji ni kilicho chini ya ngozi.

Kung'oa kunawezekana. Shika unywele kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta mara moja kufuata uelekeo wa kuota. Ukiinua mwangani, unywele unaokua una mkono wa jeli uliouzunguka chini, na tunguu jeusi laini. Huo ndio unaoutaka. Wenye kirungu kidogo cheupe kikavu bila ala ulikuwa mapumzikoni, utupe. Kichwani kwa mtu nywele 85 hadi 90 katika kila 100 zinakua, kwa hiyo wengi watakuwa wazuri, ila kwa nywele zetu za kipilipili wengi hukatika kabla ya kutoka, kwa sababu kinyweleo chenyewe kimejipinda chini ya ngozi. Ng'oa mpaka upate 10 hadi 20 nzuri kwa mtu. Kata milimita 3 hadi 5 za chini ziingie moja kwa moja kwenye RNAlater, dawa ya kuhifadhi RNA, ndani ya dakika moja. Dawa hiyo hulinda RNA wiki moja kwenye nyuzi 25, siku moja tu kwenye 37, na mwezi kwenye friji ya nyuzi 4. Mchana wa Januari ndani ya gari kati ya Masasi na Mtwara si nyuzi 25. Beba kasha la barafu.

Fahamu utakachopata: ala ya nje, ala ya ndani na sehemu ya matriksi. Papila karibu kila mara hubaki kichwani mwa mwenyewe, na kuipata kunataka kipande cha ngozi cha milimita 4 kinachotolewa na daktari. Tena kila unywele hutoka na kiasi tofauti cha ala. Mtu mmoja akionekana ana KRT14 mara mbili ya mwingine, kwanza angalia kama KRT5 na KRT17 nazo ni mara mbili. Zikiwa hivyo, umepima unene wa ala iliyotoka, hujapima jeni.

Mada yenyewe inastahili. KRT38 hujipanga upande mmoja katika nywele zilizosokotana na kusambaa kwa ulinganifu zaidi katika zilizonyooka. Na mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba baadhi ya wanawake wenye asili ya Afrika wanaopoteza nywele kuanzia utosini kwa makovu wana mabadiliko kwenye PADI3, jeni inayofanya kazi katika kuunda unywele na ala ya ndani, ikiibadilisha protini ya Tchh. Tazama swali hilo lilivyo la aina ya seli: PADI3 ukiitafuta kwenye damu au kwenye papila utasema haina habari. Kabla ya kugusa kichwa cha mtu, pata kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na kama RNA itasafirishwa nje ya nchi kunahitajika mkataba wa uhamishaji wa sampuli; anza mapema. Kwenye fomu andika umri, jinsia, sehemu ya kichwa ulipong'oa, dawa za kulainisha au rangi, na mara ya mwisho kusukwa. Chukua kisogoni kwa wote, kwa sababu utosi na kisogo havijibu homoni kwa namna moja.

Mwisho, utakapotaka kuthibitisha jeni ya papila, usitumie PCR ya kiasi kwenye RNA ileile ukadhani umethibitisha. Itakuonyesha Krt14 ya papila ikichelewa mizunguko mitano nyuma ya ala ya nje, na mizunguko mitano ni mara 32: uchafu uleule, umepimwa kwa mashine nyingine. Thibitisha kwa kutazama. Kipande cha ngozi, rangi ya kung'aa kwa protini au kwa RNA yenyewe, papila ikionekana kwa macho katikati ya kofia yake. Kwanza nitumie lile jedwali la tano kwa tano, kisha tuzungumze jeni zipi za kutia rangi.